Udhuru wa Asiyejua: Reli na Haki ya Mnyama katika Njia Yake

Gari la moshi halina uwezo wa kukwepa. Na kwa kuwa halikwepi, na kwa kuwa treni ya mizigo iliyokwisha kushika kasi yaweza kwenda kilomita nzima kabla breki hazijaisimamisha, dereva amwonaye ndovu juu ya reli usiku, mbele ya taa zake, aghalabu huwa anautazama msiba ambao hana tena hiari ya kuuzuia. Atapiga honi, atafunga breki, na yaliyobaki atamwachia Mungu. Wanaomlaumu hawamtendei insafu. Lakini tukimwondolea dereva lawama, na mnyama naye tusimlaumu kwa kuwa alikuwa akipita alikopita mama yake na bibi yake, taksiri ya kifo kile tutaiweka juu ya nani? Au tutasema ni kadari, tufute damu, safari iendelee?

Imesimuliwa katika Kurani, katika sura iitwayo kwa jina la sisimizi, kwamba Nabii Suleiman alipokuwa akipita na majeshi yake ya majini na watu na ndege, walifika kwenye bonde la sisimizi, na mmoja wao akawaonya wenzake waingie maskanini mwao, wasije wakapondwa na Suleiman na askari wake hali ya kuwa hawana habari. Watu hukistaajabia kisa hiki kwa ajili ya mfalme kufahamu lugha ya mdudu, na ni haki yao kustaajabu. Mimi kinachonishika ni adabu ya yule sisimizi, ambaye katika hofu ya kufa hakumwita mfalme dhalimu, bali alimtolea udhuru kabla ya kosa: watatuponda, ila hawatajua. Suleiman akalisikia neno hilo, akatabasamu, akamwomba Mola wake taufiki ya kushukuru na kutenda mema. Nami naona kwamba tangu alipolisikia, udhuru ule ulikwisha. Jeshi lililoambiwa kuwa bondeni mna sisimizi haliwezi tena kupita kama jeshi lisilojua; likiwaponda, litakuwa limewaponda kwa ujuzi, na hukumu ya amali yake itakuwa nyingine.

Nairobi ni mji uliozaliwa na reli. Njia ya chuma iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mwaka 1899 kwenye tambarare hii yenye mito ya maji baridi, ikapumzika kabla ya kupanda milima ya Kikuyu na Limuru, na pale palipopumzika pakawa karakana, kisha soko, kisha jiji. Katika Makumbusho ya Reli, si mbali na stesheni kuu, limehifadhiwa behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alishikwa na simba usiku mmoja wa Juni 1900 huko Kima, alikokuwa amekwenda kumvizia simba huyohuyo, akalemewa na usingizi. Na simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa daraja mwaka 1898 wameandikiwa kitabu na J. H. Patterson, aliyewaua, na ngozi zao zatazamwa hadi leo huko Chicago. Mambo hayo ni ya kweli, na waliokufa, wengi wao vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi, wanastahili kukumbukwa. Ila kumbukumbu yetu imeegemea upande mmoja. Tumemhifadhi mnyama aliyeivamia reli, na hatukuweka hata kibao kwa ajili ya wale wasio na idadi ambao reli iliwavamia.

Katika nchi za kaskazini mwa dunia suala hili la mnyama na treni huja kwa ukali wakati wa theluji, kwa sababu theluji ikimfika mnyama mapajani, njia iliyosafishwa kwa ajili ya treni huwa ndiyo njia nyepesi kwake, akaifuata hadi ajali imkute humo. Huko Norway, mnamo Novemba 2017, zaidi ya kulungu mia moja wa nchi za baridi, waliokuwa wakiswagwa kwenda malishoni pao pa majira hayo, waliuawa na treni katika muda wa siku chache tu. Sisi hatuna theluji, lakini tuna majira. Kuanzia Juni, mvua za masika zikiisha, Nairobi huingia katika kipupwe cha mawingu mazito, na ukungu hushuka juu ya reli kutoka Limuru hadi Dagoretti. Na wakati huohuo nyasi za tambarare za Athi na Kapiti huanza kukauka, na nyumbu, pundamilia na kongoni waliotawanyika huko wakati wa mvua hurudi kaskazini, wakivuka Mto Mbagathi kuingia katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwa kuwa humo mna maji yasiyokauka. Safari hiyo si siri. Wafugaji wa Kimaasai waliijua kabla mbuga haijatangazwa mwaka 1946, na wataalamu wameiandika tangu wakati huo. Sisimizi wetu amekwisha kusema, na sauti yake imesikika.

Reli mpya, iliyofunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na treni za abiria zipitazo kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, ilipotakiwa kuendelea hadi Naivasha, ilipitishwa juu ya mbuga hiyo kwa daraja la urefu wa kilomita kama 6, kisha ikaelekea Ongata Rongai na kuingia katika handaki la Ngong. Watetezi wa mazingira walipinga, na mwaka 2016 Baraza la Kitaifa la Mazingira liliamuru kazi isimame. Hata hivyo daraja lilijengwa, na mwaka 2019 treni zikaanza kupita. Nitalipa daraja hilo haki yake: pundamilia hagongwi na chuma kilichoinuliwa juu ya kichwa chake, na mwenye kutaka tu kuzuia ajali hana budi kukiri kwamba hapo imezuiwa. Waliolibuni walijua kwamba chini mna viumbe, wakaitendea kazi elimu yao.

Lakini je, kutogongwa ndiyo haki yote ya mnyama? Tumefundishwa katika Hadithi habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, na tukiizingatia sana tutaona kwamba kosa lake halikuwa kumpiga wala kumkanyaga. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha aende akajitafutie riziki yake katika ardhi ya Mungu. Mbuga ya Nairobi imezungushiwa ua upande wa kaskazini, mashariki na magharibi, mahali Lang'ata na Karen zinapopakana nayo, na upande wa kusini pekee ndio ulioachwa wazi. Na kusini huko, Kitengela na Rongai, viwanja vinakatwa mwaka hata mwaka na seng'enge kuvutwa. Siku ambayo upande huo nao utazibwa, daraja litakuwa limemwepushia mnyama kifo cha ghafula na kumwacha katika kifo cha polepole, na sisi tutakuwa tumemfunga paka ndani ya nyumba nzuri.

Mafakihi walipambanua tangu zamani baina ya mwenye kutenda dhara kwa mkono wake na mwenye kulisababisha, wakasema kwamba aliyechimba kisima katika njia ya watu bila idhini hubeba dhamana ya atakayetumbukia, ijapokuwa yeye mwenyewe wakati huo amelala kwake. Torati nayo, katika Kitabu cha Kutoka, humtoza fidia mtu aliyefungua shimo asilifunike, ng'ombe au punda akaangukia humo. Na imepokewa kutoka kwa Khalifa Umar kwamba alihofu, lau nyumbu wa kupandwa angejikwaa katika nchi ya Iraki, asije akaulizwa na Mungu kwa nini hakumsawazishia njia. Umar alikuwa Madina, na Iraki ni mwendo wa siku nyingi. Hakumwona mnyama yule wala hakumsukuma. Alichojua ni kwamba njia ilikuwa katika mamlaka yake. Kwa mizani hiyo dereva wa treni ndiye mtendaji asiye na hiari, na mchimba kisima ni yule aliyeketi mezani kwa utulivu, mchana, akiwa na muda wa kutosha na ramani mbele yake, akapiga mstari.

Wapo watakaosema kwamba reli ya kale ya kwenda Kisumu, itokapo stesheni kuu, hupita katikati ya Kibera kabla ya kufika Dagoretti na Kikuyu, na kwamba hapo wachuuzi hutandaza bidhaa zao hatua chache kutoka kwenye chuma, na watoto hukanyaga mataruma wakienda shule. Yafaaje basi kumwonea huruma nyumbu ilhali binadamu hajajengewa kivuko? Swali hili ni la haki, na linauma. Mtu amtanguliaye mnyama kwa daraja aliyopewa na Muumba hatanguliwi na mnyama katika hisabu yangu. Lakini kosa lililompata mtoto wa Kibera na kosa lililompata ndovu agongwaye relini huko Tsavo yametoka katika mkono mmoja, nao ni ule uliodhani kwamba ardhi isiyo na hati mezani haina mpitaji. Mwenye kujizoeza kuuliza ni nani apitaye hapa, na kwa saa gani, na katika majira gani, atawauliza wote wawili. Na asiyeuliza hatamwona yeyote.

Huko Tsavo swali hilo liliulizwa, ingawa si kwa ukamilifu. Ndovu kumi walivishwa mikanda ya setilaiti mwaka 2016 ili ijulikane wapitapo, na chini ya tuta la reli mpya zikawekwa njia sita zilizokusudiwa wanyama, mbali na madaraja na kalvati za maji. Ndovu wamejifunza kuzitumia. Si wote, wala si kila mahali, na wengine wamegongwa. Lakini kiumbe huyo mkubwa, ambaye twamwita mkaidi, amekubali kuinamisha desturi ya karne nyingi ili apite pale tulipompa nafasi. Ametimiza fungu lake la mapatano ambayo hakushirikishwa kuyaandika. Fungu letu ni kuzilinda njia hizo zisigeuzwe mazizi wala makazi, kuwapunguzia madereva mwendo usiku katika miezi ambayo makundi huhama, na kuondoa upesi nafaka iliyomwagika relini isiwe chambo.

Na reli bado haijakoma. Imekusudiwa kutoka Naivasha kwenda Kisumu na Malaba, na kati ya hapo mna mabonde ambayo mstari wake utayapitia. Wazee wa Narok wazijuao njia za wanyama kwa majina ya mito na miti wangali hai, na wapimaji wakitaka kuwasikiliza, wataweza kufanya hivyo kabla ya kila kigingi kupigwa.