Usimuulize Atarudi Lini

Kwa miaka miwili nilikuwa namuuliza mpwa wangu swali moja bila kujua kwamba linamuumiza. Nilimkuta mara nyingi kwenye baraza ya dada yangu, Nkuhungu, hapa Dodoma, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda, magongo yameegemezwa ukutani. Tulisalimiana, nikaulizia dawa na mazoezi, kisha kabla sijaaga nikasema: "Sasa mjomba, utarudi lini uwanjani?"

Hakuwahi kunijibu vibaya. "Mungu akijalia, Mjomba," alisema, na mimi nikaondoka nikiamini nimempa moyo.

Alikuwa winga. Alianzia mchangani, kwenye viwanja vyetu vya vumbi ambako upepo wa Julai na Agosti hukunyang'anya mpira uliokwisha kuuhesabu kuwa ni wako. Labda ndiyo maana alijifunza mapema kuuweka karibu na mguu. Alipanda hadi Ligi Kuu, kwenye timu ya mbali na hapa. Mwaka 2020, Dodoma Jiji ilipopanda daraja, mtaa wetu ulianza kuota kwamba siku moja tutamwona akicheza nyumbani, Uwanja wa Jamhuri.

Haikuwa. Katika mechi moja ya ugenini alitaka kukata kuingia ndani, kiatu kikang'ang'ania nyasi, mwili ukageuka, goti likabaki. Hakuna beki aliyemgusa. Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana kama msalaba, na ile ya mbele ndiyo hulishikilia goti mtu anapogeuka ghafla. Ikikatika haiungi kama mfupa unavyounga. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kukipandikiza, kisha huja miezi tisa, pengine mwaka, ya kujifunza upya kukunja, kunyoosha, kutembea na kukimbia. Yeye alichelewa kufanyiwa upasuaji, akarudi mazoezini mapema kuliko alivyoshauriwa, goti likaachia tena. Mara ya pili daktari hakuzunguka: kutembea utatembea, kazi utafanya, ligi basi. Mkataba wake ukaisha msimu uleule. Simu zikapungua, halafu zikanyamaza.

Swali halikunyamaza. Vijana wa bodaboda walimuuliza kijiweni. Mama wa genge alimuuliza huku akimwongezea nyanya. Kanisani waliuliza. Utarudi lini? Ni swali la upendo, sina shaka. Ila lisikilize kwa masikio ya anayeulizwa. Linamwambia kwamba maisha yake yako kule, na hapa alipo ni kituoni tu, anasubiri basi ambalo yeye peke yake anajua kwamba haliji.

Watanzania tuna mbio moja tuliyolelewa nayo. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, jua limekwisha kuzama, akichechemea, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Jibu hilo tumelifanya wosia wa taifa, na ni wosia mwema.

Mimi mwenyewe nilimsimulia mpwa wangu habari hizo, tena zaidi ya mara moja. Sikumwambia sehemu iliyobaki: kwamba goti la Akhwari lilipona. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Ushujaa wa kumaliza mbio ukiwa umeumia ni wa mtu ambaye bado ana mbio. Kijana ambaye mbio zake zimefungwa nusu ya njia tunampa mfano gani?

Mfano ulikuwepo siku ileile, kwenye barabara ileile ya Mexico. Miongoni mwa walioanza alikuwemo Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Ndiye aliyeshinda Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku, akashinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Mexico alikwenda na mguu uliokwisha kuumia, na kwenye kilomita ya 17 hivi akasimama. Akatoka barabarani. Kusimama kwake hakuna aliyekufanya wosia.

Miezi mitano baadaye, Machi 1969, gari lake lilipinduka usiku, si mbali na Addis Ababa. Uti wa mgongo ukaumia. Miguu iliyovuka Roma bila viatu haikutembea tena. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Mfalme alimpeleka Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville. Hapo daktari Ludwig Guttmann alikuwa ameanzisha, tangu mwaka 1948, michezo ya watu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo, akiamini kwamba upinde na mpira ni sehemu ya tiba. Michezo hiyo ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Ile ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960, na ilifunguliwa tarehe 18 Septemba, siku nane tu baada ya Bikila kuvuka utepe pekupeku katika mji huohuo. Wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 walikuja kushindana kwenye viti vyao vya magurudumu. Ulimwengu ambao siku moja ungempokea ulikuwa unafika Roma wakati yeye anarudi nyumbani na medali yake.

Mwaka 1970 Bikila alishindana Stoke Mandeville, katika kulenga shabaha kwa upinde na mpira wa meza. Mwaka uliofuata alikwenda Norway, akashinda mbio za sleji juu ya theluji. Kilichonishika mimi zaidi ni siku ambayo sijaona ikiandikwa popote: siku ya kwanza ya upinde. Naiwaza. Mtu anayejulikana dunia nzima, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, ameketi kwenye kiti, anaelekezwa jinsi ya kushika uzi kama mtoto anavyoelekezwa kushika kalamu. Mshale wa kwanza unaanguka kwenye majani. Anaomba wa pili. Kumaliza mbio kwa maumivu ni kugumu, lakini ni kugumu kwa kazi unayoijua. Kukubali kuwa mwanafunzi tena, mbele ya watu waliokujua ukiwa bingwa, naona ni kugumu zaidi.

Wapenzi wa michezo tuna methali yetu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaisema mechi ikiisha, kumtuliza aliyefungwa. Nadhani inakwenda mbali zaidi. Kukubali ni sehemu ya ushindani, kama pumzi. Asiyekubali kwamba mlango mmoja umefungwa hawezi kuugusa mwingine, kwa kuwa mikono yake yote bado iko kwenye kitasa cha ule wa kwanza.

Mpwa wangu alikiachia kitasa mwaka jana, na hakuniaga. Dodoma ya sasa ni mji wa kujenga. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia hapa, kila upande nyumba zinainuka, na kila nyumba inataka geti na grili. Alikwenda karakana moja ya kuchomelea vyuma akaomba kujifunza. Fundi ni mdogo kwake kwa miaka minne, kijana ambaye zamani alikuwa anapanda ukuta kumtazama akicheza. Mpwa wangu alianza kwa kufagia vumbi la chuma, kushikilia bomba wakati mwenzake anachomelea, kukata kwa grainda. Wiki za kwanza alilala na macho yanayowaka. Dada yangu alilia kwa uchungu, akidhani mwanawe ameshuka. Nami nilidhani hivyohivyo, ingawa sikulia.

Kuna jambo moja katika habari za Bikila ambalo lazima tulitazame bila kupepesa. Hakujiinua peke yake. Alikuwa askari, mwenye ajira na dola nyuma yake, na alipoanguka alipelekwa kwenye tiba bora iliyokuwepo. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hapahapa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, naye alikuwa mwanajeshi. Siku mbio zingekwisha, kulikuwa na kazi na sare vinamngoja. Vijana wetu wa leo wengi wanaishi kwa mkataba wa msimu mmoja au miwili. Goti likiachia, kinachobaki ni baraza ya mama.

Wanaolima zabibu Hombolo na Mpunguzi wanalijua hili kwa mikono yao. Mzabibu hupogolewa hadi ukabaki kisiki chenye vijiti vichache, na mgeni anaweza kudhani umekufa. Mkulima hana wasiwasi na kisiki. Wasiwasi wake uko kwenye nguzo na waya, maana machipukizi yakitoka bila pa kujishikilia yatatambaa chini na kuoza. Mchezaji aliyeumia hana upungufu wa moyo. Sisi ndio tunaochelewa kusimika nguzo: klabu itakayomwekea bima na kumsimamia hadi apone, mzazi atakayesisitiza cheti cha ufundi kijana angali na kasi, fundi atakayempokea bila kumcheka.

Henry Wanyoike wa Kenya alikuwa kijana mkimbiaji mwenye matumaini makubwa. Mwaka 1995 alipatwa na kiharusi kilichompofusha usiku mmoja. Miaka mitano baadaye, kwenye Paralimpiki ya Sydney, alishinda mita 5,000, amefungwa kamba na mwongozaji wake. Mwongozaji alikuwa dhaifu kwa malaria, na mwishoni asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona hadi mstarini. Ndivyo nguzo zinavyofanya kazi. Aliyeshikwa leo, kesho ndiye anayeshika.

Bikila aliishi miaka minne na nusu tu baada ya ajali. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41. Mtu anaweza kusema maisha yale ya pili yalikuwa mafupi mno kustahili kujifunza upinde. Mimi nasema miaka minne ya kuishi ni mirefu kuliko arobaini ya kusubiri.

Wiki iliyopita nilipita karakanani jioni. Mteja mmoja alikuwa amekuja kulipia kazi yake. Akamtambua, akamsalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, kaka! Wewe si yule winga? Utarudi lini?" Nilimwona mpwa wangu akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa nakifanya kwa miaka miwili. "Mbukwa," alijibu kwa upole. "Geti lako tayari, njoo ulitazame."

Mteja alipoondoka nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi, yakanikwama. Badala yake nikauliza: "Mjomba, leo umetengeneza nini?"

Alinitazama kidogo, kama anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye geti jingine lililolazwa juu ya matofali, akachechemea mbele yangu bila gongo. Akaanza kunieleza bomba gani limeungwa na lipi, wapi alikosea akakata akarudia, kwa nini bawaba ya chini inabeba uzito kuliko ya juu. Alizungumza hadi taa za barabarani zikawaka. Sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo tangu siku aliyoumia.

"Gusa hapa, Mjomba," aliniambia, akionyesha maungio. "Hapa nimeunga mwenyewe."

Nikagusa. Palikuwa bado pa moto.