Mhudumu wa Gari la Wagonjwa na Siri ya Nyumba

Wahenga walinena kwamba wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime. Methali hii ina busara yake, maana ugomvi wa jamaa aghalabu huisha, na aliyejitia kati hubaki na aibu. Lakini je, yamfunga pia mhudumu wa gari la wagonjwa, ambaye hakujipeleka nyumbani kwa mtu bali ameitwa? Swali hili si dogo. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimia miaka 15. Wanaume nao hupigwa, ingawa wengi huona haya kusema.

Fikirini, enyi wasomaji vijana, jinsi kazi ya mhudumu ilivyo. Daktari humwona mgonjwa akiwa amekwisha kupata muda wa kutunga maelezo. Mhudumu huingia chumbani mwenyewe. Huona kiti kilichovunjika, watoto waliojibanza pembeni, na mume anayejibu kila swali aulizwalo mkewe. Mke husema, "Nimeanguka." Lakini mtu akianguka haachi alama za vidole shingoni mwake, wala damu haivilii mahali pengine leo na pengine juma lililopita.

Afanyeje? Wako wasemao kwamba awaite polisi papo hapo, hata mgonjwa akikataa. Mimi sikubaliani nao. Mwanamke huyo huenda akarudi nyumba ile ile usiku huo huo, na ajuaye saa ya hatari ni yeye mwenyewe. Siri ya mtungi muulize kata. Kumwamulia mtu mzima mwenye akili timamu ni kumnyang'anya mara ya pili uwezo ambao mpigaji amekwisha kumnyang'anya. (Ya mtoto ni mengine: yeye hawezi kujitetea, na habari zake hazina budi kufikishwa kwa wenye mamlaka.)

Basi mhudumu na amwombe mume, kwa adabu, akae mbele pamoja na dereva. Mlango wa nyuma ukishafungwa, mgonjwa yu peke yake na mtu asiye jamaa wala jirani, pengine kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi. Hapo aulizwe kwa sauti ya chini, "Kuna mtu aliyekuumiza?" Akikana, asibishiwe. Aambiwe tu kwamba iko sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ujeuri wa nyumbani, ambayo kwayo mahakama yaweza kutoa amri ya kumzuia mpigaji. Na kwamba iko simu ya 1195, isiyolipiwa. Namba hiyo aikariri moyoni, asipewe karatasi itakayoonekana mfukoni mwake.

Mhudumu naye aandike aliyoyaona na maneno yale yale aliyoambiwa, bila kuongeza, kwa sababu maandishi hayo huenda yakasomwa mahakamani siku moja. Kisha amweleze nesi hospitalini, faraghani, pasipo mume kusikia.