Aliyetoa Chakula Ndiye Aliyetoa Shibe

Somo la juma: Kutoka 16:11–21



Mana iliposhuka jangwani, kila Mwisraeli aliagizwa aokote kulingana na ulaji wake, pishi moja kwa kichwa. Walipoipima wakakuta kila nyumba imepata kiasi chake, bila ziada wala upungufu. Waliojaribu kuiweka hadi asubuhi wakakuta imeingia mabuu na inanuka. Mara nyingi habari hii tumeihubiri kama onyo kwa wenye tamaa, na ni haki yake. Ila juma hili naomba tutazame jambo jingine lililomo: Mungu aliyewapa mkate ndiye aliyewapa na kipimo. Kipimo nacho kilikuwa rehema.

Mpango huo ameuweka hata katika miili yetu. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, na ndani yake kuna seli ziitwazo seli za beta. Tukila, sukari ikapanda katika damu, seli hizo hutoa insulini, inayouwezesha mwili kuitumia sukari hiyo na kuiweka akiba. Lakini insulini haitoki peke yake. Katika vifuko vile vile vidogo vilivyomo ndani ya seli imo homoni nyingine, amilini, na zote mbili huachiliwa kwa pamoja.

Amilini husafiri na damu mpaka sehemu ya nyuma ya ubongo, karibu na pale unapoungana na uti wa mgongo. Karibu ubongo wote una kizuizi kinachochuja vitokavyo kwenye damu, lakini katika sehemu hiyo ndogo kizuizi kimelegezwa, ili ubongo upate habari za damu moja kwa moja. Hapo ndipo amilini hupokelewa. Neva huzipeleka habari hizo ndani zaidi, na hamu ya kula huanza kupungua. Tumbo nalo hupunguza kasi ya kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo. Amilini si mjumbe pekee wa shibe, wapo wengine, ila huyu hutoka katika seli ile ile inayoutayarisha mwili kupokea chakula. Seli moja hutuma habari mbili: pokea, na imetosha.

Wanadamu walichelewa kuitambua habari hii ya pili. Insulini iligunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best pamoja na wenzao, na Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, akadungwa sindano ya kwanza. Amilini ilikuja kutambuliwa mwaka 1987 na watafiti wa Uingereza na Sweden, na dawa ya kuiga kazi yake iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye seli zake za beta zimeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, hukosa insulini na amilini pia. Wengi wao hudungwa insulini tu. Aina ya pili inapoendelea kwa miaka mingi, homoni zote mbili hupungua.

Ndugu zangu, hapa pana neno kwetu sisi kanisa. Kwenye chakula baada ya ibada huwa tunatazamana sahani. Binti anajichoma kidole pembeni, anaweka tone la damu kwenye kipimo, anasubiri namba, anajidunga, ndipo anakaribia meza. Mama mmoja kwa upendo anamwongezea pilau na kumwambia asione haya. Mwingine ananong'ona kwamba mgonjwa wa sukari hana kiasi. Wote wawili wamekosea. Anayeshiba upesi amepewa kitu ambacho hakukifanyia kazi, na hana haki ya kumhukumu ambaye mwili wake haumpi habari hiyo kama inavyopasa. Kiasi ni tunda la Roho, nami nalihubiri kwa moyo wote, lakini tusiuite ugonjwa dhambi. Na kwa mamlaka ya utumishi wangu nasema: asiwepo wa kumshawishi mtu aache insulini ili aonyeshe imani. Kwa mwenye aina ya kwanza, kuiacha ni kifo. Sindano ile ni jibu la maombi ya wazazi wengi.

Juma hili tufanye mambo matatu. Tule bila haraka, maana habari ya shibe huhitaji muda kufika. Mgeni akisema ametosheka, tumwamini. Na tuushukuru mlo tukisha kushiba, kama Musa alivyoagiza katika Kumbukumbu la Torati 8:10, maana kabla ya kula tunashukuru kwa chakula, lakini shibe tunaipokea bila hata asante.

Tuombe. Baba, umetupa mkate na umetupa kutosheka. Wakumbuke ambao miili yao haiwaambii imetosha, na ambao sahani zao hazifiki kutosha. Uwape waganga wao hekima, dawa zao zipatikane, nasi utupe ndimi zisizohukumu na mikono inayogawa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.