Viza ya Mchumba au Viza ya Mke?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeihalalisha nikahi akaiharamisha zinaa. Na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Katika darasa letu limeletwa suala ambalo siku hizi huulizwa mara nyingi katika miji yetu ya pwani. Kijana wa Mombasa amemposa binti aliyezaliwa Uingereza, au binti wa Lamu ameposwa na mwanamume raia wa huko. Wazee wa pande mbili wameridhia, na wawili hao wataka kwenda kukaa Uingereza. Je, waombe viza ya wachumba wakaoane huko, au waoane hapa kwanza kisha waombe viza ya mume na mke?

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya makaratasi, hayamhusu sheikh. Sivyo. Jambo ambalo ndani yake mna nikahi, mna ahadi, na mna ushahidi ambao mtu autia sahihi yake, hilo ni jambo la dini. Aulizwaye leo na afisa ataulizwa kesho na Mola wake.

Wanavyuoni wetu husema kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tuzifahamu kwanza njia zenyewe.

Njia ya kwanza ni viza ya mchumba. Mwenye viza hii huingia Uingereza kwa muda wa miezi 6, na katika muda huo yampasa afunge ndoa inayotambuliwa na sheria ya nchi ile. Haruhusiwi kufanya kazi. Akishaoa au kuolewa, huomba tena na kulipa tena, apewe ruhusa ya miaka miwili na nusu. Na ile miezi aliyokaa kwa uchumba haihesabiwi katika miaka 5 itakiwayo kabla ya kupata ukazi wa kudumu.

Njia ya pili ni viza ya mume au mke. Hawa wameshaoana, nao huonyesha cheti cha ndoa. Aingiaye kwa njia hii hupewa miezi 33 na aweza kufanya kazi tangu siku ya kufika. Lakini pamoja na ada ya viza hulipa mapema pauni 3,105 kwa ajili ya matibabu, gharama ambayo mwenye viza ya mchumba hailipi mpaka atakapoomba mara ya pili.

Katika njia zote mbili masharti makubwa ni mamoja: wawe wametimiza miaka 18, wawe wameonana uso kwa uso, ajaye ajue Kiingereza kwa kiasi cha kwanza, na yule aliyeko Uingereza awe na pato la kutosha. Pato hilo lilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka tangu mwaka 2012, na kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 waombaji wapya wametakiwa pauni 29,000. Mke wa pili, maadamu wa kwanza yuko huko kama mke, hana mlango. Ajuaye haya asimposee bintiye matumaini ambayo hayapo.

Iko na viza ya tatu, ya mgeni aendaye kufunga ndoa tu kisha arudi kwao ndani ya miezi 6. Hiyo si ya kuhamia. Ama kuomba viza ya matembezi huku moyoni umekusudia kuoa na kukaa, hiyo si njia, ni uchochoro wa uwongo.

Sasa turejee kwenye sharia yetu. Posa si nikahi. Mchumba ni mtu kando: haijuzu kukaa naye faragha, wala kulala naye chini ya paa moja, hata kama pete imevikwa na kanzu za harusi zimeshonwa. Nikahi ni walii, mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuoza na kukubali. Hayo yakitimia, hao ni mume na mke mbele ya Mwenyezi Mungu, wala hakuna afisa awezaye kuwarudisha kuwa wachumba. Na hapa kwetu Kenya sheria yenyewe yaikubali nikahi hiyo: kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya Kiislamu hufungishwa na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na msajili, kisha huandikishwa. Basi nikahi ya Mombasa ni ndoa mbele ya Mola na ni ndoa mbele ya dola.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa tunaotaka kuuonya. Watu hufunga nikahi ya chini chini sebuleni, ati ili wawili waonane kwa halali, kisha huketi na kujaza maombi ya viza ya mchumba na kuandika kwamba hawajaoana. Walii yuko, mashahidi wako, biriani imeliwa, na karatasi yasema hapana ndoa! Nawauliza: ni nani aliyedanganywa? Ikiwa nikahi ni ya kweli, mmemdanganya afisa. Ikiwa maandishi ni ya kweli, mmemdanganya binti wa watu. Na atumiaye udanganyifu katika maombi yake, viza hukataliwa, na aweza kuzuiwa kuingia nchi ile kwa muda wa miaka 10. Nyumba iliyoanza kwa halali ikabomolewa kwa kalamu!

Asiniambie mtu kwamba hao ni makafiri na kuwadanganya si kitu. Someni khabari ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Mtume wetu (S.A.W.) aliandikiana na Makureshi kwamba atakayemjia kutoka Makka bila ya idhini ya walii wake atarudishwa. Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, mwana wa Suhail, akijiburura katika minyororo, Mwislamu aliyeteswa, akiomba aokolewe. Mtume akamrudisha, akamuusia asubiri, kwa kuwa ahadi ilikwisha kuwekwa. Naye Mtume aliiweka ahadi hiyo na washirikina waliokuwa wakimpiga vita. Iwapo yeye aliitimiza kwa uchungu ule, wewe utavunja neno lako kwa sababu ya kuona uzito wa kungoja miezi michache?

Na wale wachukiao kuhojiwa na balozi wakumbuke kwamba katika Kurani mna sura iitwayo Al-Mumtahana, yaani mwanamke anayejaribiwa. Baada ya mkataba ule walikuja Madina wanawake waliohama, na Mwenyezi Mungu akawaamrisha Waumini wawajaribu kabla ya kuwapokea. Wafasiri wamepokea kwa Ibn Abbas kwamba mwanamke aliapishwa kuwa hakutoka kwa kumchukia mumewe, wala kwa kutamani nchi badala ya nchi, wala kwa kutafuta dunia. Basi kumuuliza mhamiaji amekuja kwa nia gani si ubaya uliozuliwa jana. Mwenye nia safi hana la kuogopa katika suala hilo. Na Hadithi mashuhuri ya nia aliyoipokea Sayyidna Umar yamtaja khasa mtu anayehama kwa ajili ya mwanamke apate kumuoa, kwamba hijra yake ni kwa hicho alichokihamia. Basi yuko katika hali gani yule ambaye hata mwanamke hamtaki, ila aitaka pasi yake?

Uko na ugonjwa wa pili, nao huwapata zaidi wanawake. Binti afika Uingereza kwa viza ya mchumba, wafunga nikahi katika nyumba au ukumbi, na mume asema yatosha. Haitoshi. Sheria ya Uingereza haiihesabu nikahi iliyofungwa huko nje ya taratibu zake. Katika kesi ya Akhter na Khan, nikahi ilifungwa London mwaka 1998 mbele ya imamu na mashahidi, wakaishi miaka mingi na kuzaa watoto. Mke alikuwa akimtaka mumewe wakafunge pia ndoa ya serikali, na haikufungwa. Walipotengana, Mahakama ya Rufani mwaka 2020 ilihukumu kwamba sherehe ile haikuwa ndoa kwa sheria ya nchi, wala haikuwa ndoa iliyobatilika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Baqara kuliandika deni la muda. Je, deni la dirhamu liandikwe, na nikahi ya bintiyo iachwe hewani?

Basi rai yetu ni hii. Ikiwa walii wa mke yuko hapa, nikahi na ifungwe hapa, kwa tangazo na si kwa siri, iandikishwe, cheti kichukuliwe, kisha waombe viza ya mume na mke. Njia hii ina subira, kwani wataoana kisha watengane kwa muda wakingoja majibu. Lakini ina usalama wa dini na wa haki, na mke husafiri akiwa mke. Na ikiwa walii wa mke yuko Uingereza, kama yule binti aliyezaliwa huko, hatusemi kwamba viza ya mchumba ni haramu. Kijana aende kwa jina la mchumba na awe mchumba kweli: akae kwa jamaa wengine, si kwa mposwa wake. Watoe taarifa kwa msajili mapema, kwani hupita siku 28 kwa uchache, na huenda zikafika 70, kabla ya ruhusa ya kuoana. Kisha nikahi na ndoa ya serikali zifungwe pamoja, au kwa siku zinazofuatana, na zote mbili ndani ya ile miezi 6.

Na nyinyi wazee, msiharakishe mambo kwa kuona fahari ya kusema bintiyenu yuko Ulaya. Ulizeni kwanza dini ya mwanamume, kisha pato lake, kisha karatasi zake. Na mwambieni binti kwa ulimi wake ni njia gani inayoombwa kwa jina lake, na ameandikiwa nini, kwani sahihi ni yake na maisha ni yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika maneno yetu na maandishi yetu, azitie baraka nyumba za vijana wetu popote watakapokaa, na awakutanishe kwa heri waliotengana kwa halali. Amin.