Kinga Hiyo Mlipewa kwa Ajili Yetu

Wanangu waheshimiwa wa Kisii na Nyamira, nimechoka kuwasikiliza, ila sijachoka kuwaambia.

Kifungu cha 117 cha Katiba kinawapa wabunge uhuru wa kusema bungeni, na sheria ya mwaka 2017 inawakinga wasishtakiwe kwa waliyoyasema humo. Nanyi wawakilishi wadi mna sheria yenu ya mwaka huo huo. Sina ugomvi na kinga hiyo. Namkumbuka George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, aliyesimama kuhoji zabuni ya mabehewa ya reli. Mwaka 1977 akawekwa kizuizini bila kesi, hadi Desemba 1978. Kabla yake, mwaka 1975, wabunge Seroney na Shikuku walikamatwa kwenye viwanja vya Bunge lenyewe. Kinga mnayojivunia, wenzenu hao haikuwafaa siku walipoihitaji.

Anyona aliwaandama wakubwa. Ninyi je? Mnamwandama karani wa ushuru pale Keroka, soko lililokaa Kisii na Nyamira kwa pamoja, kwamba amekula pesa. Risiti hamna, ripoti ya mkaguzi hamna. Jina lake linaingia kwenye Hansard, jioni linatajwa redioni kwa Ekegusii, asubuhi wauza ndizi wananong'onezana akipita. Watoto wake wanaulizwa shuleni. Akienda kwa wakili anaambiwa kwamba lililosemwa bungeni halina kesi. Na pengine kosa lake ni kumdai ushuru shemeji ya mheshimiwa.

Tena msijidanganye: kinga hiyo haiwafuati matangani. Ukishika kipaza sauti mbele ya jeneza ukamwita mwenzako mwizi, hapo wewe ni raia kama mimi, na sheria ya kashfa inakuhusu. Wala haimfuniki anayepokea bahasha ili apige kura ya kumng'oa gavana, au ya kumwokoa. Hongo ni hongo, hata kwa mheshimiwa.

Ninachowaomba ni hiki. Kabla hamjamtaja mtu asiye na pa kujibia, mwiteni kwenye kamati, aje na vitabu vyake, asikilizwe. Mkikuta ameiba, wekeni hati mezani, mtajeni kwa sauti, nasi tutawaunga mkono. Mkikuta hakuiba, na jina mlishalichafua, aliyelichafua asimame bungeni aseme hivyo, nalo liandikwe kwenye Hansard ile ile.