Mjumbe wa Dawa

Kwa miezi mitano ya mwaka 2018 nilikuwa mtu wa kutumwa dawa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa amelala Namboboto katika chumba kinachotazama mwembe, akiugua saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa ikiwa imeshakomaa. Madaktari wa Eldoret walikuwa wamefanya walichoweza, wakamruhusu arudi nyumbani. Hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki, wala kwenye kiti cha mbao. Kila alichohitaji kilipita mikononi mwangu: bodaboda hadi Funyula, matatu hadi Busia, foleni, dirisha la dawa, kisha njia ile ile kurudi.

Anayeuguza hueleza maumivu asiyoyasikia mwilini mwake. Pale dirishani unaulizwa: Yanamshika wapi? Yanaanza saa ngapi? Jana alilala? Unajibu kwa niaba ya mwili wa mtu mwingine, na ukijibu vibaya, yeye ndiye atakayekesha. Shangazi hakuwa mtu wa kulalamika, kwa hiyo nilijifunza kusoma leso yake. Maumivu yalipopanda usiku, aliikunja ncha ya leso akaiuma, wajukuu waliolala chumba cha pili wasimsikie. Asubuhi niliitandaza magotini na kuitazama. Usiku mwingine ncha yote ilitoboka.

Dawa iliyompa nafuu ilikuwa mofini ya maji. Mara ya kwanza kuichukua, muuguzi alitaka karatasi ya daktari na kitambulisho changu. Akafungua daftari kubwa, akaandika jina la shangazi, na mbele yake jina langu, uhusiano wetu na kiasi cha dawa, nikatia sahihi. Kisha akanikalisha chini kama mwanafunzi. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Halafu saa nne usiku dozi mara mbili, ili alale hadi alfajiri. Usingoje alie ndipo umpe, alisema. Akanionya kwamba dawa hiyo hufunga choo, akanipa na dawa ya kulainisha. Nilitoka pale nikiwa na chupa mkononi na bomba la kupimia mfukoni, najua ninachobeba na kwa nini nimeruhusiwa kukibeba.

Mwezi wa Agosti ile dawa ikakosekana. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa Alhamisi. Haikuwa ajabu ya kwetu peke yetu: mwaka 2010, shirika la Human Rights Watch lilipochunguza maumivu ya watoto wagonjwa Kenya, lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali 7 tu za umma kati ya takriban 250. Uganda, hatua chache kutoka kituo cha Busia, walikuwa wameanza mapema. Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika mofini, kwa sababu vijijini madaktari ni wachache. Sisi watu wa mpakani, tuliolizaa neno bodaboda kwa kubeba abiria kutoka kizuizi hadi kizuizi, tunajua vizuri jinsi kitu kinavyoweza kuwa karibu na kuwa mbali kwa wakati mmoja.

Katika siku hizo za kungoja, jirani akaniita pembeni. Akasema ng'ambo kuna mafuta ya enjaga, kama wenzetu wa Uganda wanavyoiita bangi, na kwamba yamemsaidia mtu anayemjua. Nilimuuliza daktari mmoja kama anaweza kuniandikia. Hakunifokea. Aliniuliza tu: "Nikuandikie nini, na uipeleke wapi?"

Niliyanunua mafuta yale. Sitasema kwa nani wala kwa njia gani, kwa kuwa sitaki mtu aifuate njia hiyo. Nilipewa kichupa cha dawa ya kikohozi kilichobanduliwa karatasi yake, ndani kuna kitu cheusi chenye ukijani, kizito, kinachonuka majani yaliyopondwa na mafuta ya kukaangia yaliyolala. Nilimuuliza muuzaji kipimo. Akasema matone matatu. Mwenzake aliyekuwa kando akasema nusu kijiko. Nikauliza ipi ni kweli, nikaambiwa inategemea mtu. Kikatiwa katika mfuko mweusi wa plastiki, ambao nao ulikuwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, nikaufunika na sukuma wiki. Njia nzima hadi Funyula sikumtazama abiria mwenzangu usoni.

Baadaye niliisoma sheria yenyewe, na kuna mahali pananikaba hadi leo. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994, kama ilivyosomeka mwaka 2018, ilisema aliyekutwa na bangi akaithibitishia mahakama kwamba ni ya matumizi yake mwenyewe, kifungo chake ni miaka 10. Katika kila hali nyingine, miaka 20. Hebu fikiria ningesema nini kizimbani. Ningesema ukweli: bangi hii si yangu, ni ya shangazi yangu mgonjwa. Kwa ukweli huo ningekuwa nimejiondoa kwenye miaka 10 na kujiweka kwenye 20. Wazee walisema mjumbe hauawi. Sheria yetu ilimwadhibu mjumbe kuliko aliyemtuma. Marekebisho ya 2022 yalimpunguzia adhabu anayeitumia mwenyewe, na sheria tangu mwanzo iliacha mlango kwa mwenye karatasi ya daktari. Lakini mlango usio na hospitali wala duka la dawa nyuma yake, mgonjwa wa Namboboto ataupitaje?

Wengine wamewahi kumtaja mjumbe. Wapiga kura wa California walipopitisha sheria ya bangi ya matibabu mwaka 1996, maandishi yake yalimkinga mgonjwa pamoja na mtu aliyebeba jukumu la kumtunza. Leo katika majimbo mengi ya Marekani mtunzaji hujiandikisha, hupewa kadi, na huingia dukani kumnunulia mgonjwa wake akiwa mtu huru.

Sasa niseme mafuta yale yalifanya nini, kwa sababu kuna watakaosoma haya wakiwa na mgonjwa ndani. Jioni ya kwanza shangazi alikula ugali na omena, jambo ambalo hakuwa amefanya kwa siku nane, akalala. Jioni ya pili nilimpa kiasi kile kile, kwa kadiri jicho langu lilivyoweza kupima. Hakunitambua. Aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, akaushika ukuta kwa mikono miwili akilia kwamba nyumba inateremka ziwani. Ilikuwa chupa ile ile, mkono ule ule, ila usiku haukuwa mmoja. Kulipopambazuka akanitazama na kuniambia taratibu, "Mwanangu, nilitaka maumivu yaondoke. Hii inaniondoa mimi." Nilikimwaga kichupa chooni. Hapakuwa na mtu wa kumrudishia, wala wa kumweleza kilichotokea, wala wa kuniambia nilikosea wapi.

Sisemi mmea huo hauna dawa ndani yake. Marekani iliidhinisha dronabinoli mwaka 1985 kwa wagonjwa wanaotapika kwa sababu ya tiba ya saratani. Juni 2018, miezi miwili kabla ya safari yangu, iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji inayotokana na bangi, kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Desemba 2020 tume ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi katika orodha ya dawa za hatari zisizo na faida kubwa ya tiba. Rwanda mwaka huo huo ikakubali ilimwe kwa ajili ya kuuzwa nje kwa matibabu. Dronabinoli na Epidiolex ni dawa zenye kipimo, zenye jina la aliyezitengeneza. Na hakuna hata moja kati yake inayoponya saratani. Anayekuuzia mafuta akikuambia yataponya uvimbe, mwache hapo hapo na pesa zako uende nazo.

Mwaka ule wa 2018 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliliandikia Bunge akitaka kuleta mswada wa kuhalalisha bangi, na matibabu yakiwa mojawapo ya hoja zake. Wengi walimcheka. Februari 2019 alitangaza kwamba yeye mwenyewe ana saratani ya utumbo, na Julai 26 akafariki. Sikukubaliana naye katika kila kitu. Bangi ya starehe nimeona ilivyowafanya vijana wa vijiji vyetu, na kwa hiyo siitetei. Lakini kicheko kile kiliniuma. Walikuwa wanacheka jambo ambalo usiku, katika nyumba nyingi za kwetu, halichekeshi mtu.

Ninachoomba ni kidogo na kinajulikana namna ya kukifanya. Mofini ina nguvu kuliko mafuta yale, na bado hospitali imepata njia ya kumkabidhi mtu kama mimi: karatasi, kitambulisho, daftari, somo la dakika ishirini. Serikali ya kaunti ihakikishe kwanza mofini haikauki, na ifike hadi zahanati za Funyula, isiishie mjini. Na siku Kenya itakapokubali dawa yoyote ya bangi yenye kipimo, watunga sheria wamwandike mtunzaji humo kwa jina la kazi yake. Wagonjwa wanaohitaji dawa hizo kwa kawaida ndio wasioweza kwenda kuzichukua.

Mofini ilirudi mwanzoni mwa Septemba. Shangazi aliishi wiki saba zaidi, na leso aliyokuwa nayo wiki hizo haikutoboka. Baada ya mazishi niliichukua chupa iliyobaki nikaipeleka Busia. Muuguzi aliipima, akafungua daftari lile lile, akaandika mililita 85 zimerudishwa, nikatia sahihi mbele ya jina la shangazi.