Mgeni au Mteja?

Kwa miaka mingi nilitamani kwenda Japani, na nikiulizwa sababu nilikuwa na jibu moja tu: chakula. Nilitaka kuionja Japani yenyewe, si ile ya kwenye video. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza washoku, mapishi ya jadi ya Kijapani, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, nami nikajiambia basi, hamu yangu si ulafi, ni kiu ya utamaduni.

Nikaenda, na chakula hakikuniangusha. Kyoto niliagiza yudofu: vipande vya tofu kwenye maji ya moto yaliyotiwa mwani, basi. Hakuna nazi, hakuna pilipili. Mimi mtu wa pwani nikadhani nimeletewa chakula cha mgonjwa! Kufika kipande cha tatu ndipo ulimi ulipoanza kusikia ladha. Kumbe kuna vyakula vinavyokutaka wewe kwanza unyamaze.

Jioni ile nikatembea Gion, mtaa wa geiko na maiko, wasanii wa ngoma na muziki wanaoburudisha wageni kwenye nyumba za chai. Maiko mmoja akatokea kichochoroni, anawahi kazini. Watu wakamkimbilia, simu juu, na mimi nimo. Hakuna aliyemsalimu. Aliinamisha uso, akaongeza hatua. Nikapata picha tatu. Kibao cha kukataza picha kwenye vichochoro binafsi, faini yeni 10,000, nilikiona baadaye. Mwaka 2024 wenyeji walifika hadi ya kuwazuia watalii wasiingie kwenye baadhi ya vichochoro hivyo.

Usiku nikazitazama zile picha, nikamwona bibi yangu.

Bibi alikuwa akichoma vitumbua barazani, Mji Mkongwe, Unguja. Watalii walikuwa wakipita, wanainama, wanapiga picha, wanaondoka. Yeye alikuwa akivuta kanga na kujifunika uso. Siku moja, bado mtoto, nikamuuliza:

"Bibi, kwani picha inauma?"

"Hainiumi, mjukuu wangu. Lakini mtu apite mlangoni kwangu asinisalimu, ameona nini?"

Miaka yote nilidhani swali lile linawahusu Wazungu.

Najua nitakachojibiwa. Utalii unalisha watu, Kyoto na Zanzibar pia. Kweli. Wapo watalii walionunua vitumbua vya bibi, na hela yao alikuwa akiipokea kwa furaha. Wala hamu ya kuona ya wenzetu si dhambi. Bila hamu hiyo nisingeijua yudofu. Lakini hela niliyolipa ilinunua sahani. Haikununua uso wa binti anayekwenda kazini.

Sisi husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitaja methali hii kama vile kila anayefika ni mgeni. Mteja naye hufika. Tofauti yao naiona hapa: mteja huja akijua anachokitaka, mgeni husubiri apewe. Wajapani kabla ya kula husema itadakimasu, napokea, kwa unyenyekevu. Nami nililisema neno hilo kila mlo, viganja vimekutana, nikajiona nimestaarabika kweli. Kisha nikatoka nje nikapokonya.

Lakini hapa pananisumbua. Ugeni huanza kwa kukaribishwa, na Gion hakuna aliyenikaribisha. Nilikata tiketi nikaenda. Je, mtu wa siku tano, asiyejua lugha, anaweza kweli kuwa mgeni? Sidhani. Labda cha juu kabisa ninachoweza kuwa ni mteja mwenye haya: anayelipa, anayesalimu, na anayekubali kwamba baadhi ya milango aliyoifuata safari nzima haitamfungukia. Na safari hiyo bado ina thamani yake. Ile yudofu ilinifundisha kusubiri ladha inifikie. Mimi ndiye niliyeliacha somo mezani.

Picha mbili nilizifuta usiku uleule. Ya tatu ninayo hadi leo. Haikutoka vizuri: shavu jeupe, na mkono wa kimono ulioinuliwa kujikinga, vilevile kama kanga ya bibi. Najiambia nimeibakisha ili nijikumbushe. Siku nyingine naona ni uroho uleule, umepata jina zuri tu.